Mkia wa Herufi ya Kwanza

Tangu Şükufe azikwe, mumewe Vahdettin alikuwa kama mtu aliyelalia mkono ukafa ganzi, ila yeye ganzi ilimshika mwili mzima. Hakulia makaburini. Hakulia majirani walipokaanga halua ya semolina na kuigawa mlango kwa mlango, wala alipovikuta viatu vya marehemu chini ya kitanda. Alikula alichopewa, akalala alipoambiwa alale. Mtaani walisema ana moyo wa jiwe, na kwamba si ajabu, kwa mtu aliyezeekea kwenye mawe ya makaburi.

Karakana alimofanya kazi ilikuwa kando ya barabara iendayo Afyon, mahali ambapo vumbi la marumaru huwafanya hata mbwa kuwa weupe. Zamani kila jina alilichonga yeye kwa tindo na nyundo. Kisha mwenye karakana, Rüknü, akanunua mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Ilitoka Ulaya, na tangu mwanzo haikuelewana na wenyeji. Kompyuta haijui herufi. Inajua namba, na kila herufi ina namba yake. Zile namba ambazo Waturuki wamezipa Ş, Ğ na İ, waliounda mashine walikuwa wamekwisha kuzipa herufi za watu wa kisiwa kimoja cha mbali chenye barafu. Ü, Ö na Ç zilitoka salama, kwa kuwa Wazungu wengine wanazo. Lakini ukiandika Ş, marumaru ilitoka na kijiti chenye tumbo, Þ, ambacho hakuna mtu wa mji ule aliyejua kukisoma. Jiwe la kwanza liliharibika hivyo. Wakaligeuza kifudifudi, likawa meza ya chai.

Basi wakabuni njia. Mashine ilichonga herufi tupu, S mahali pa Ş, G mahali pa Ğ, kisha Vahdettin akapita na tindo akaongeza mkia, kofia au nukta. Kazi yake ikabaki hiyo. Wenzake wakamwita Vahdet wa Mikia, naye hakuchukia.

Sasa jiwe lililomngoja lilikuwa la mkewe. Alasiri ya kuamkia Idi, kabla ya futari ya mwisho, watu wa mji ule huenda wote makaburini, wakawasomea wafu wao na kuwamwagia maji. Binti yake wa pekee, Münire, alikuwa akija kutoka Denizli. Alikuwa amempigia baba yake simu na kumwambia, bila kupandisha sauti, kwamba akikuta kaburi la mama yake bado limesimikwa ubao, hatalala tena katika nyumba ile, Idi hii wala nyingine.

“Mawe ya mji mzima umeyachonga wewe, baba,” alisema. “La mama linakushinda nini?”

Rüknü alichagua mwenyewe kipande kizuri chenye mishipa ya kijivu, akakipitisha kwenye mashine, kikatoka na SÜKUFE safi kabisa. Kikalazwa juu ya benchi kungoja mkia. Kila asubuhi Vahdettin alikaa mbele yake, akashika tindo, akaitazama ile S, kisha akainuka kwenda kumalizia jiwe la mtu mwingine.

“Ndiyo maana wakasema kinyozi hajinyoi,” Rüknü alimtania. “Lete tindo, kaka Vahdet, nikumalizie mimi.”

“Usiliguse.”

“Basi liguse wewe, maana Idi haitakusubiri wewe.”

Siku ya mwisho ya mfungo ilifika na S bado haina kitu. Vahdettin aliwaambia walipakie hivyo hivyo. Rüknü alisitasita, kisha akajipa moyo kwamba hakuna atakayeona. Tangu simu za mkononi ziingie, watu wote wanaandikiana kwa herufi tupu ili ujumbe uwe mfupi, na macho yamezoea kujazia yenyewe. Wakaung’oa ubao, wakalisimika jiwe kwa saruji.

Na kweli hakuna aliyeona. Watu walipita na mitungi ya maji, wakanyanyua mikono kuomba, wakalisifu jiwe. Hayriye, jirani wa ukuta mmoja aliyepika na Şükufe miaka na miaka, alilipapasa akasema limependeza kama marehemu mwenyewe. Vahdettin aliitikia kwa kichwa.

Münire akaja na dumu la maji na matawi mabichi. Aliuacha mkoba wake langoni. Akasimama mbele ya jiwe, akasoma, akasoma tena.

“Baba, huyu nani?”

“Mama yako.”

“Mama yangu ana mkia.”

Hayriye aliziba mdomo asicheke. “We Münire, muache baba yako. Hata wewe kwenye simu unamwandika hivyo hivyo, nimekuona.”

“Ya simu inafutika, mama Hayriye. Hii haifutiki.” Akamgeukia baba yake. “Wake za watu wote umewawekea. Mama mimi nilikuwa naye mmoja.”

Vahdettin aliitazama saruji, ambayo ilikuwa bado mbichi.

“Nikiuweka,” alisema, “itakuwa imekwisha.”

Hayriye aliacha kucheka. Münire aliweka dumu chini.

“Imekwisha, baba,” alisema polepole. “Imekwisha tangu kiangazi.”

Tindo ndogo na nyundo yake vilikuwa mfukoni mwa koti. Siku zote hakuondoka bila hivyo. Vahdettin alipiga magoti kwenye udongo wa baridi. Münire alimimina maji kidogo kidogo juu ya herufi ili vumbi lisiruke. Pigo la kwanza lilimfikia kama lililopigwa na mtu mwingine, la pili vilevile. Aliitazama mikono yake ikifanya kazi iliyoijua: mstari mfupi kwenda chini, kisha kona ya kurudi kushoto. Hakusikia huzuni. Hakusikia chochote ila baridi ya magotini na ukavu wa saumu kooni. Mkia ulitoka mzuri, pengine mzuri kuliko yote aliyowahi kuichonga, na hilo nalo halikumgusa.

Münire alipitisha kidole ndani yake, akalisoma jina la mama yake kwa sauti, lote, kama mtu amwitaye aliye chumba cha pili. Kisha akamwaga maji yaliyosalia.

“Nyumbani kuna nini cha kufuturu?”

“Supu ya dengu. Hayriye kapika.”

“Ina chumvi?”

“Sijui,” alisema Vahdettin, na ilikuwa kweli. Tangu kiangazi hakujua chakula kipi kina chumvi na kipi hakina.

Walipofika langoni Münire aliuokota mkoba wake, ulikuwa mzito, mkoba wa mtu anayekuja kukaa, akamtundikia baba yake begani. Akauchukua. Wakashika njia ya nyumbani, yeye mbele kidogo, binti nyuma, kabla ya adhana ya magharibi.