Motere ya Carlos na Esanse ya Mitumbwi

Ba Kasonde alikuwa mutu wa kunikasirisha. Unamuletea kazi asubuhi, saa sita unamukuta angali anaitazama tu, mikono mugongoni, anavuma wimbo wa kanisa. Pale Nchelenge, kando ya ziwa, alikuwa fundi wa motere za mitumbwi, na kila muvuvi toka Chisenga mpaka Mununga alimujua. Alikuwa anashika bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mupini kwenye sikio, anakuambia ugonjwa uko wapi kabla hajafungua nati hata moja. Mimi nilimuletea motere ambayo hajapata kuiona maishani mwake.

Ilitoka kwenye gari la marehemu bwana yangu Carlos, Mazda ya mbio aliyoagiza Japani kupitia Dar es Salaam. Kule Lubumbashi alitamba nayo, na mimi iliniharibia pagne mbili za kitenge, maana chini ya kiti hakukukosa chupa ya oili. Malaria ilimuchukua mwaka wa tisini na saba. Vita ilipoanza mwaka uliofuata nilivuka ziwa kuja Nchelenge pamoja na mutoto wetu Gaëlle na gari lile lile juu ya mashua ya samaki. Batu balinicheka sana. Maji yakaingia, bodi ikaliwa na kutu, na kompyuta yake, ile iliyokuwa inapima esanse, yaani petroli, ya kuingia, ikafa. Ikabaki motere. Nikasema bon, itiwe ndani ya mashua yangu ya kufuata samaki. Nilitaka kuisikia tena, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha Carlos chenye sauti.

Kasonde aliichungulia siku mbili kwa tundu la moshi, tochi mudomoni, akiizungusha kwa mukono.

"Bana Gaëlle," akaniita, vile Wabemba wanavyomuita mama wa mutoto, "pistoni zake ziko wapi?"

"Mi nitajua namna gani? Fundi ni wewe."

Hazikuwepo. Ndani mlikuwa na vyuma viwili vya pembe tatu vinavyozunguka, na kila pembe ina kipande chembamba kinachofuta ukuta. Kasonde alicheka peke yake. Kisha akaacha kucheka.

"Hivi vipande vikimalizika, hata Lusaka sizani kama utavipata," alisema. "Ikikufa sasa, imekufa."

Shemeji yangu Hippolyte, mchuuzi wa vipuri, akavuka toka Congo na pompi kali ya esanse na injekta za kunyunyizia esanse, nene kuliko zile za zamani. Alizipanga juu ya meza yangu kama anatandika karamu. "Weka hizi, shemeji, mashua itaruka."

Kasonde alizigeuzageuza. "Motere hii ina turbo ya kuisukumia hewa?"

"Hapana, inavuta yenyewe," Hippolyte akajibu.

"Basi hewa ni ile ile. Papa Hippolyte, nikikuletea ndoo mbili za maji na mudomo wako ni mumoja, utakunywa zote ao utazama?" Tena, akasema, injekta bila kompyuta hazina wa kuziamuru. Alichagua kabureta ya pikapu, na pompi ndogo ya upole, maana ile kali ingeifurisha kabureta mpaka imwagike. Mbele ya vyote akatia filta mbili, moja ya kioo, ili tuone kutu na maji yanayotoka ndani ya madramu yetu. Hippolyte alinuna, akala samaki wangu, akarudi kwake.

Siku ilipowaka ndani ya mashua nililia, sioni haya kusema. Lakini baada ya saa moja ziwani nguvu zikaisha, na ilipozimwa ikiwa moto ikakataa kuwaka. Mara ya pili vile vile. Tulirudi kwa kasia, mimi nikigomba njia nzima.

Kasonde alisikiliza kwa bisibisi yake. "Esanse inafika. Moto uko. Pumzi njo inavuja, haibanwi tena ndani." Akashika vibomba vinne vyembamba vilivyoingia ubavuni. "Na hivi vilikuwa vinaleta nini? Vinatoka kwa kapompi kadogo, na waya yake ilienda kwa kompyuta. Niambie, bashi Gaëlle alikuwa anaifanyia nini motere hii?"

"Carlos? Alikuwa anaiosha na kuisifu. Basi."

Zilibaki siku chache kabla serikali haijafunga uvuvi, kama kila mwaka, ili samaki wazae. Asubuhi ya jaribio la tatu nilikwenda mwenyewe, badala ya Kasonde, bandarini kwa Rosaria, muuza esanse, kichwa kimejaa hasira. Nikamuambia anipe bido, dumu moja la esanse, kama nilivyozoea miaka yote ya biashara, naye akanipa ile ya manjano, kama alivyozoea. Nikamimina yote ndani ya tangi, tukaondoka na Kasonde. Katikati ya ziwa nikaona moshi wa buluu nyuma yetu, nikanusa, nikajua. Ile ilikuwa esanse ya mitumbwi, iliyochanganywa na oili tayari.

"Zima, ba Kasonde," nikamuambia. "Nimeiua motere ya bwana yangu."

Hakuizima. Aliweka bisibisi, akafunga macho. Hakuvuma wimbo wowote. Saa moja ikapita, ikapita na nyingine, na nguvu zilikuwa zile zile. Tulipofika Chisenga akaizima, ikiwa moto kabisa, akaiwasha. Ikawaka mara moja.

Akachuchumaa, akashika tena vibomba vile vinne. "Oili," alisema polepole. "Vilikuwa vinaleta oili. Pembe zinataka kulainishwa, sawa na motere ya mutumbwi, ndipo zizuie pumzi. Kompyuta ilikufa, kapompi kakalala, leo umeilisha wewe." Akaniangalia. "Bashi Gaëlle hakuwa anatia oili ndani ya tangi?"

Nikakumbuka Lubumbashi. Nilimuona Carlos kwenye kituo cha esanse, anapima oili kwa kifuniko cha ile chupa, anamimina ndani ya tangi, na mimi dirishani ninapiga kelele mbele ya batu kwamba oili haiendi mule. Alikuwa anacheka tu.

"Alikuwa anatia," nikasema. "Mimi nilikuwa namuita mujinga."

Kasonde alifuta mikono, akasogea, akaniambia nishike usukani mimi mwenyewe.