Binti wa Sentimita Mia na Kumi na Nne

Kaka yangu huitwa Milimita na karakana nzima, na mimi ninayepiga vanishi nyuma yake ndiye niliyempa jina hilo. Kazi yake ni kuchora samani kwenye kompyuta, kwa programu inayokuwezesha kulizungusha kabati ukalitazama mgongoni na uvunguni kabla hata mbao hazijanunuliwa. Ole wako umwambie, "Vuta kidogo huo mguu wa meza, inatosha." Atakutazama kana kwamba umemtukania mama. Kwake kitu hakivutwi mpaka kipendeze macho. Kinaandikiwa namba.

Ila ana kituko kimoja. Wachoraji huweka sanamu ya mtu kando ya mchoro, ili mteja aone kabati litamfika wapi. Wenzake huweka mwanamume wa mita moja na sabini na tano. Kaka huweka mtoto wa kike wa sentimita mia na kumi na nne, mwenye gauni na vifundo viwili vya nywele, aliyemchora mwenyewe. Wateja wakiuliza, mimi hujibu, "Binti yake," halafu nabadilisha mazungumzo. Ndicho kimo alichokuwa nacho siku mama yake alipohama naye, miaka tisa iliyopita. Simu zilikuja kwa nadra, na picha zikaja za uso tu. Nilikuwa nikimwona kaka anamhamisha mtoto yule kutoka kitanda cha mteja huyu hadi kabati la yule, roho ikiniuma, na hasira juu yake. Kwa nini asipande basi amfuate? Alisema anangoja aitwe. Asiyekuwapo na lake halipo, nikamwambia.

Juma lililopita aliitwa, kwa namna yake. Binti alituma ujumbe: anataka meza ya kusomea, na aitengeneze baba. Akaongeza kwamba sasa ana sentimita mia na sitini na nane.

Nilimkuta kaka ameganda mbele ya kompyuta. Alikuwa amemchagua mtoto wake, akaandika 168 kwenye kisanduku cha urefu, akabonyeza. Mtoto akapanda mara moja. Lakini programu hukuza kila kitu kwa kiasi kilekile: kichwa kikawa kama boga, mashavu yakavimba, miguu ikabaki na umbo la mtoto wa darasa la kwanza. Pandikizi la mtoto, refu kunipita. Nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha nikayaona macho yake.

"Hakui hivi," alisema.

"Hakuna anayekua hivyo, kaka."

"Sijui magoti yake yako wapi, mdogo wangu. Meza nitaiweka wapi?"

Meza ikiwa juu mno itamchosha mabega, naye ataisukuma ukutani airundikie nguo. Na hicho ndicho kitu pekee cha baba yake kitakachokuwa nyumbani kwao. Kaka alilijua hilo kuliko mimi. Nikamwambia ampigie simu. Akapiga, akaiweka kwenye spika.

"Shikamoo, baba." Sauti ilikuwa ya mwanamwali, si ya mtoto.

"Marahaba, mama. Kaa kwenye kiti. Kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti?"

"Subiri nipime. Arobaini na tatu."

"Mpaka kwenye kiwiko?"

"Sitini na sita."

Aliandika zote. Nilichungulia begani mwake: meza ilikuwa imeshapata vipimo vyake vyote. Kaka hakuaga.

"Upana wa kiganja?"

"Saba na nusu."

"Kidevuni mpaka utosini?"

"Ishirini na mbili."

"Na kiatu unavaa namba ngapi?"

"Baba, meza inahitaji namba ya kiatu?"

Kaka alijifuta uso kwa kiganja. "Inahitaji, mama."

"Thelathini na tisa," alijibu binti. Kisha, bila kuulizwa: "Na nina kovu gotini, sentimita tatu. Liandike na hilo."