Mbegu Alizozichemsha Koko Esteria

Iko siku moja siisahau, mwanangu, na kila nikiikumbuka uso unaniwaka kwa aibu. Usinicheke nikijiita mzee na sijafika sitini; hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale watu huzeeka kwa kungoja. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nimekimbia kutoka Kivu na mke wangu Furaha na mtoto wa kunyonya. Tulipewa kipande cha ardhi karibu na kijiji cha Misiera, jembe, na mbegu za maharage za kupanda msimu ule.

Sasa mimi, kichwa kigumu, nilikuwa nimeitwa ofisini kuhojiwa habari za kupelekwa Amerika, dosie yetu, yaani faili, imefunguliwa. Mara moja tu! Nikarudi natembea kama mwenye viza mfukoni. Mvua zikaanza, majirani wakainama mashambani, mimi nimekaa mlangoni. Furaha akaniuliza tutapanda lini.

"Tupande ili nani avune?" nikamjibu. "Dosie yetu iko mbele. Mavuno yatakuta tumekwisha kuondoka."

Akalia, maskini. Na mimi, badala ya kuona haya, nikachukua mbegu zote nikazimimina chunguni zichemke, tule tushibe, basi.

Ndipo akapita Koko Esteria akitoka shambani. Koko ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Alikuwa jirani yetu, mjane, mwili mdogo kama wa msichana, na alilima peke yake. Akatua jembe, akafunua chungu, akajua. Yeye naye alikuwa amepewa mbegu zilezile.

"Subira huvuta heri, koko," nikasema kwa jeuri kabla hajaniuliza. "Sisi tunangoja ndege."

Nilidhani atanitukana. Hakunitukana. Alikaa chini, akanisimulia jambo ambalo hata majirani wa miaka mingi hawakulijua.

Zamani za Wabelgiji, kule bonde la Ruzizi, kila nyumba ililazimishwa kulima pamba. Na pamba hailiwi, mwanangu. Watoto walilala njaa, na aliyekataa alichapwa fimbo mbele yao. Wanaume walikuwa wakikutana kuzungumzia uhuru, wanawake hawakuitwa. Basi siku moja mchana, wanaume wamepelekwa kwenye kazi ya barabara, Esteria, bibi arusi wa juzijuzi, akazichemsha mbegu za pamba za nyumba yake, akazianika zikakauka. Akazunguka kwa wanawake wenzake kijiji kizima, nao wakafanya vivyo hivyo. Mbegu zikapandwa mbele ya mzungu msimamizi, mistari imenyooka. Haikuota hata moja! Msimu uliofuata ikawa hivyohivyo. Mzungu akasema udongo ule umekufa, akawaacha walime mihogo yao.

Lakini la kuvunda halina ubani. Fununu zikamfikia, na mume wa Esteria akakamatwa, akachapwa ili amtaje aliyeanzisha jambo lile. Alimjua. Hakumtaja.

"Bwana yangu alipigwa juu yangu," Koko akaniambia, na machozi yakamtoka. "Uhuru ikakuja, batu bakapata viti. Ye alibaki na makovu mu mugongo. Na mi, hakuna mutu aliniuliza kitu."

Kisha akakitazama chungu changu. "Mi nilipikaka mbegu ili muzungu ashindwe. We unapika ili nani ashindwe?"

Ewe Mungu wangu! Nilimtazama Furaha na mtoto mgongoni kwake. Koko akaenda kwake, akarudi na nusu ya mbegu zake mwenyewe amezifunga kwenye pindo la kitenge. Akaziweka mkononi mwa Furaha, si mwangu. Kwangu alisema neno moja tu: "Inuka."

Nikainuka. Tulipanda tukiwa tumechelewa, tukavuna kidogo. Ndege haikuja mwaka ule wala uliofuata. Kilichokuja ni kupunguzwa kwa posho ya chakula, na mtoto wetu akaishi kwa maharage yale. Miaka ikaenda, nikawa napeleka magunia ya maharage mjini Mbarara, wake za askari pale kambi ya jeshi wananigombania. "Mzee wa Nakivale," mmoja hunitania mpaka leo, "hii maharage yako iko tamu sana, unaiimbia wimbo?"

Koko alipougua, mimi ndiye niliyempeleka hospitali Mbarara. Nesi akauliza, kalamu mkononi, huyu mama alikuwa anafanya kazi gani. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba mbele yake amelala mtu aliyempigania mwafrika. Koko akaniwahi: "Kulima." Nesi akaandika hivyo. Siku ya tatu Koko akafariki. Tulimzika Nakivale, nikasimama kaburini nikayasema yote, na watu waliochota naye maji miaka na miaka wakashika vichwa. Nililia mbele za watu, sioni haya kusema.

Basi, mwanangu unayeshinda Base Camp, kwenye ofisi za kambi, ukitazama orodha ya wanaoitwa ubaoni, nisikilize. Sikukatazi kungoja, hata dosie yangu bado iko kwenye meza ya mtu. Ila usiache mbachao kwa msala upitao. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, nasi siku ya tatu ilishapita zamani. Lima ulipo, somesha watoto ulipo, oa, jenga. Tena, yule bibi kizee wa jirani unayempita asubuhi bila salamu, ingia kwake umuulize alikuwa nani. Muulize angali hai. Mimi niliyataja ya Koko kwa watu wakati yeye hasikii tena.

Mungu akufungulie mlango unaoungoja. Na siku ukifunguka, wakija kukuita, wakukute shambani, mikono ina udongo, na watoto wako wameshiba.