Mtani wa Wodi ya Wanaume

Mjomba wangu aliletwa mjini kutoka kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Kisarawe, kutibiwa ngiri. Daktari alimsikia akikohoa, akaniita pembeni.

"Nikimshona leo, akikohoa hivi kesho, nyuzi zitafumuka. Aache sigara kwanza. Asipoacha, namrudisha kwao na ngiri yake."

Kurudi na ngiri maana yake hashiki jembe tena, na mjomba hakujua kazi nyingine.

Mimi nilikuwa nauza viungo Kariakoo. Kupatana bei ndiyo kazi yangu. Nikajiambia, nimewashinda wauza iliki, mzee wa shamba atanishinda?

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umeniletea?"

"Nimekuletea tangawizi, utafune. Kwa siku unavuta ngapi?"

"Kumi."

Hiyo ilikuwa bei ya kuanzia, nikaijua. "Fanya mbili."

"Mbili? Mie mtoto? Nane."

Tukavutana mpaka tatu, tukapeana mikono. Nikatoka najisifu. Nilisahau kwamba mteja anayekubali upesi ndiye asiye na nia ya kununua.

Kesho yake nilimkuta muuguzi wa zamu kitandani kwake, mama mmoja mnene mwenye sauti ya sokoni.

"Mzee, sigara umeacha?"

"Nimeacha, sista."

Muuguzi akapiga makofi. Mimi nikanusa shuka, nikanusa tena.

"Mjomba, kweli umeacha?"

"Nimeacha. Nimeacha kwa bwana huyu." Akaonyesha kitanda cha jirani, pakiti inachungulia chini ya mto. "Si ndivyo alivyouliza?"

Muuguzi hakukasirika. Akamwinamia, akamuuliza kabila lake. Miaka ile swali hilo halikuulizwa hadharani, sote tulikuwa ndugu, lakini yeye aliliuliza akicheka.

"Mzaramo."

"Mungu wangu! Mie Mnyamwezi. Kumbe mtani wangu!"

Hapo uuguzi ukaisha, utani ukaanza.

"Vuta, Mzaramo, vuta! Lete kiberiti nikuwashie. Siku ya mazishi yako naingia kaburini, najilaza, sitoki mpaka mpwa wako huyu anipe kanga, doti nzima. Hiyo aliyovaa naipenda."

Nikaishika kanga yangu vizuri. Wodi nzima ilicheka.

"Mnyamwezi we! Kaburi langu hulilali ng'o!" mjomba akafoka.

"Haya, tutaona nani mkaidi."

Pakiti akaichukua muuguzi mwenyewe. Tangu siku hiyo kila mjomba alipoomba moshi kwa jirani, mtani wake alisimama miguuni pake, akampima kwa mikono toka kichwa mpaka kidole, kama mchimba kaburi. Na mtani hanuniwi. Kwa hiyo mjomba alitununia sisi wengine. Alitoka jasho, akakataa uji, akanitukania tangawizi yangu huku anaitafuna. Nikapunguza maneno, nikaongeza tangawizi.

Hatimaye daktari akaweka sikio kifuani kwake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kesho tunamshona."

Siku ya upasuaji nilikaa kwenye benchi na mfuko wa iliki, nahesabu punje. Nilihesabu mara mbili, nikapata majibu mawili. Wakamtoa, macho yake mazito, anapumua vizuri.

Siku iliyofuata kikohozi kikaja. Niliona kinavyopanda, mjomba kakodoa macho. Mtani wake akambania mto juu ya tumbo.

"Shika hapa, Mzaramo. Shika! Haya, kohoa."

Akakohoa mara moja, kikavu, basi. Muuguzi akafunua bandeji kidogo, akatazama. Nikamwomba atazame tena.

"Nyuzi zimeshika, mama. Zote."

Nikakaa palipokuwa karibu, bila kutazama.

"Dada," jirani wa mjomba akasema taratibu, "umekalia mguu wangu."

Nikamwomba radhi. Lakini kuinuka, sikuinuka mara moja.