Wajapani Sita wa Mtendeni

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuwa amejilaza kwenye kochi, waya masikioni, akaniuliza kwa kunitania tu: "Bibi, unazijua bendi za roki za Kijapani? Rafiki yangu anazisifia kila siku, sijui nianze na ipi." Nikamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye mchele niliokuwa nachambua: "Anza na wale wasioimba. Waimbaji baadaye. Wenye makelele uwaache mpaka masikio yazoee." Akachomoa waya, akanitazama utadhani ameona jini. Sikumweleza. Ni habari ndefu na inaniuma mpaka leo, lakini wewe nitakusimulia.

Tulikaa Mtendeni, Tabora, mimi na bibi mzaa mama, miaka ile ya Ujamaa. Nyumba iliyopakana nasi ilikuwa ya fundi redio. Bibi alikuwa Mnyamwezi kindakindaki, na fundi alikuwa Mzaramo aliyekuja na treni kutafuta maisha, akaoa, akabaki. Basi walikuwa watani. Tangu enzi za misafara, wazee wetu walipobeba pembe za ndovu mabegani kutoka kwetu mpaka pwani na kupita katika vijiji vya Wazaramo, makabila haya mawili yameruhusiana kutukanana na kunyang'anyana, hata kuchezeana msibani, na anayekasirika ndiye mwenye kosa.

Kila asubuhi fundi akipita kwenda kufungua kibanda chake alisimama mlangoni kwetu. "Ewe mpagazi! Mzigo wangu umeutua wapi?" Bibi naye alikuwa tayari amejiandaa: "Pita huko, Mzaramo! Kazi huijui, unajua ngoma tu!" Akikuta bibi ameipua michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa, vikapikwa kwa karanga, aliinyanyua sufuria nzima na kuondoka nayo, bibi akimkimbiza na mwiko mpaka barabarani. Baadaye sufuria ilirudi tupu, ndani ameweka jiwe. Bibi alicheka peke yake mchana kutwa.

Sasa hao Wajapani. Kijana mmoja wa Kijapani aliyekuwa akitengeneza pampu za maji upande wa Urambo alimletea fundi gramafoni iliyoharibika. Fundi akaiponya. Urafiki ukaanzia hapo, na yule kijana alipomaliza muda wake akarudi kwao, alimwachia fundi ile gramafoni pamoja na sahani sita za santuri. Kila sahani ilikuwa na bendi yake. Majina hakuna aliyeweza kuyasoma, kwa hiyo tuliwaita kwa picha zao: Wenye Mashati Meupe, Wa Darajani, Wa Mvua, na kadhalika, mpaka Wenye Hasira, vijana wanne wenye nywele mabegani, ambao mmoja wao alipiga kelele kama aliyemwagikiwa uji wa moto.

Fundi alikuwa na masharti. Mgeni akiingia kibandani, kwenye ile harufu ya risasi ya kuunganishia waya iliyoyeyushwa na kahawa ya tangawizi, hakumwekea sahani yoyote tu. Wa kwanza daima ni Mashati Meupe, kwa sababu walipiga magitaa matupu bila kufungua kinywa. "Lugha usiyoijua itakuchosha," alisema, "lakini gitaa halina kabila." Ukirudi siku ya pili unapewa Wa Mvua, walioimba taratibu. Kwa Wenye Hasira ulifikishwa baada ya wiki, ukiwa umeiva. Nikitoka shule nilikaa kwenye kasha la betri nikisikiliza, na wazee waliokuja kutengenezewa redio za kusikiliza taarifa ya habari wakajikuta wanatikisa vichwa. Bibi alipita nje na ndoo ya maji kichwani akipiga kelele: "Hao Wajapani wako wanachunwa ngozi? Wape maji wanywe!"

Ndipo akahamishiwa mtaani kwetu kiongozi mpya, kijana aliyetoka mikoa ya mbali sana. Sikuwahi kumwona kama mtu mbaya. Aliamini kila neno alilolisema na aliamka kabla yetu sote kwenda shamba la pamoja. Aliitisha mkutano kuhusu shamba hilo, na fundi akachelewa. Alipotokea, bibi akasimama mbele ya watu wote: "Mwulizeni huyu bepari! Sisi tunapinda migongo shambani, yeye ameficha Wajapani sita chumbani wanampigia magitaa!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Fundi alicheka kuliko wote. Yule kiongozi hakucheka. Niliona akifungua daftari na kuandika.

Kesho yake asubuhi bibi alikuwa anakaanga karanga niliposikia zogo. Mgambo wawili walikuwa wanatoa gramafoni na zile sahani kibandani, na kiongozi amesimama kando. Bibi aliacha karanga jikoni zikaungua, akakimbia bila hata kujifunga kanga vizuri. "Mwanangu, yule ni mtani wangu! Nilikuwa namtania!"

"Mama," kijana akamjibu kwa adabu, "kwetu hatuna desturi hiyo. Na mkutano wa wananchi si mahali pa mzaha. Umesema mwenyewe, na watu wote wamesikia."

"Basi nakanusha!"

"Ukikanusha, mama, nitaandika kwamba umeogopa."

Wazee wa mtaa walikwenda kueleza. Bibi alikwenda mara tatu, mara ya mwisho akapiga magoti, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akimpigia mtu magoti. Gramafoni ilirudi baada ya mwezi. Sahani tuliambiwa zimepelekwa juu, na huko juu kila mtu alisema hajaziona.

Asubuhi iliyofuata kuchukuliwa kwa vitu vile, bibi alisimama mlangoni akingoja. Fundi alipokaribia, bibi akamwita: "We Mzaramo, leo umeamkia ngoma gani?" Fundi akasimama. Akavua kofia yake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia. Alimtazama mpaka akapita. Kisha akaingia ndani, akaketi juu ya kinu, akaniambia: "Amenizika. Mtani akikupa shikamoo, amekuzika ukiwa hai."

Ikawa hivyo siku zote. Bibi alinituma na michembe, na bakuli lilirudi limeoshwa, pamoja na shukrani nyingi. Alimtukana matusi mapya ambayo hata mimi niliona haya kuyasikia, fundi akajibu, "Nashukuru, mama." Akitwanga kisamvu alikaa karibu na ukuta wa fundi, akiimba kwa mdomo magitaa ya Mashati Meupe, tirii tirii, bila kukosea hata mahali pamoja. Kumbe alikuwa anawasikiliza muda wote ule. Upande wa pili hapakusikika hata kikohozi. Mimi nilimchukia fundi kwa heshima yake hiyo. Bibi alisubiri miaka sita.

Alifariki kiangazi, ghafla, akitoka kuvuna karanga zake shambani Ipuli. Siku ya mazishi, wanaume walipolinyanyua jeneza na kulifikisha mlangoni, mtu akajitupa kizingitini, chali, na kanzu yake safi vumbini. Alikuwa fundi.

"Hatoki!" alipiga kelele. "Huyu mpagazi hatoki! Mpagazi gani anaondoka na mzigo wa watu? Anipe kwanza Wajapani wangu!"

Uwanja mzima ukacheka. Shehe mwenyewe alifunika mdomo kwa kilemba. Mjomba akaleta jogoo, maana desturi ni kumpa mtani kitu ndipo afungue njia. Fundi akamsukuma yule jogoo: "Kuku anajua Kijapani? Mrudisheni!" Watu wakazidi kucheka, na yeye machozi yanamtiririka mpaka masikioni, anatukana hivyo hivyo, anamwita bibi mwizi, mvivu, mbeba pembe. Kisha akainuka mwenyewe, akaingiza bega chini ya jeneza, na hakukubali kupokewa mpaka makaburini.

Siku hizi kwenye kile kibanda panauzwa vocha na kava za simu. Misiba ninayokwenda ina mshereheshaji na vipaza sauti, kila kitu kwa ratiba, na mtani akitokea vijana wanamwuliza ni nani aliyemwalika. Zile sahani sita sijawahi kujua zilifia wapi.

Fundi nilimwendea baada ya arobaini. Nilikuwa msichana mkubwa tayari na nilikuwa na hasira, kwa hiyo sikumwamkia. Nilimwuliza kwa nini alimnyima bibi tusi moja tu miaka yote ile.

Alikaa na bisibisi yake mkononi. "Hasira iliisha mapema, mwanangu, haikumaliza hata mwaka," akasema. "Ila kila asubuhi nikifika pale mlangoni, shikamoo ilikuwa imeshanitoka mdomoni."