Betri Chini ya Kitanda cha Mkwe

Kwetu Uzigua mama mkwe humtazami usoni. Mkikutana njiani, unachepuka majanini mpaka apite. Sasa niambie, mtu wa heshima namna hiyo unambebaje kwenye gari lenye kitanda?

Gari lilikuwa la kijiji chetu cha ujamaa, Mazingara. Mtaalamu wa maji, Mzungu, alikuwa akilala humo akiwa porini. Aliporudi kwao tukaachiwa, nami nikawa dereva na fundi kwa pamoja. Lilikuwa na jiko dogo, taa, kitanda cha mbao, na chini ya kitanda betri mbili zilizounganishwa.

Mama mkwe akashikwa na tumbo, halali, hali. Baba mkwe akasema apelekwe hospitali Korogwe upesi. Mzee akakaa mbele na mimi, mama nyuma peke yake, na katikati tukatundika kanga.

Tulipopita Sindeni nikaingia kwenye mchanga, injini ikazimika. Nikapiga stata: tik! Basi. Na betri zilikuwa zimetoka kuchajiwa juzi tu.

Nikafunua boneti. Mkanda wa dinamo umekaza. Nikafungua dinamo yenyewe, kaboni zake nzima. Nikafuata waya mmoja mmoja, hakuna uliokatika.

"Vipi, mwanangu?" mzee akauliza.

"Dinamo, mzee. Haichaji."

Mwongo mkubwa! Dinamo ilikuwa mkononi mwangu, nzima kabisa. Nilishajua ubovu uko nyuma, kwenye betri. Lakini nianzeje kumwambia mzee wa watu kwamba nataka kufunua kitanda anacholalia mke wake? Nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Nikaifungua dinamo tena, nikaipangusa tena, na mgonjwa yuko ndani anaugulia.

Jua likawa kali. Tukasikia mama anakohoa, kisha harufu ikatufikia, ile harufu ya maji ya betri inayokereketa koo. Hapo sikuwa na pa kujificha.

"Mzee, naomba mama ashuke. Betri ziko chini ya kitanda."

Akanitazama. "Muda wote huu ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, mzee."

Akazunguka nyuma, akasema na mkewe Kizigua, taratibu. Mimi nikageukia porini mpaka aliposhuka na kukaa kivulini. Nilipofunua ubao, nikakuta betri moja imepasuka kona. Nilikuwa nimeifunga kwa mpira wa baiskeli, na ile barabara unaijua ilivyo. Maji yake yote yalikuwa sakafuni. Nikaikata ile mbovu, nikabakiza nzima, wakulima waliokuwa wakitoka shamba wakatusukuma, gari likawaka. Mama akarudi ndani, nasi tukaenda bila kusimama mpaka Korogwe.

Hospitali mzee aliingia na mama, mimi nikakaa nje ya mlango, kama inavyompasa mkwe. Nikamsikia nesi.

"Bibi, tumbo nimeelewa. Na miguu hii je? Mbona ngozi inatoka?"

Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe, ambayo nilikuwa siijui vizuri.

"Nilijimwagia uji, mwanangu."

"Uji unatoboa kanga?"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke inimeze! Mama wa watu alikuwa amekaa miguu ikiwa ndani ya yale maji, anaungua, ananisikia nikigongagonga dinamo, na hakuita. Angeitaje, na mkwe yuko pale anasikia? Na sasa ananifichia aibu yangu kwa wageni, huku nesi akisema ngoja atafute mafuta ya kupaka moto wa uji.

Nikaingia. Mzee akashtuka, akanyoosha mkono kunizuia.

"Si uji, dada," nikasema. "Ni maji ya betri, ya gari langu. Mwosheni kwanza kwa maji mengi."

Mama mkwe akavuta kanga, akajifunika uso mzima.