Shangazi Alipoondolewa Sufuriani

Mtu akifanya ibada, kisha ibada hiyo ikamponza, naye aadhibiwe? Swali hilo lilinisumbua nikiwa darasa la sita. Mpaka leo harufu ya kitunguu saumu vidoleni hunirudisha kwenye ua wetu wa Bagamoyo.

Shangazi Mwanaidi, dada wa baba, ndiye aliyekuwa mpishi mkuu wa pilau mtaani. Harusi nyingi huangukia Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na mwaka ule alikuwa akifunga zile siku sita za sunna. Maalimu alishatufundisha kwenye chuo cha Kurani kwamba mpishi anaruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Nikamwambia Shangazi. Akanijibu kwamba yeye hafungi nusu. Siku ya harusi chumvi akaitia kwa kukisia, akaitwa kupokea wageni, akarudi amesahau, akaitia tena. Wageni wale walimaliza maji ya mtungi mzima.

Harusi iliyofuata, sufuria likakabidhiwa Bi Zuhura, jirani yetu. Hakuna aliyemgombeza Shangazi. Walimtandikia tu jamvi pembeni, wakamwekea ungo wa vitunguu saumu. Nilitoka jamvini nikaenda mekoni, nikarudi, nikaenda tena, kukaa sikuweza. Wiki ile kaka yangu, mpenzi wa ligi ya Uingereza, alikuwa amenifundisha kitenzi kipya cha Kiingereza, *relegate*: timu ikifanya vibaya, hushushwa daraja.

"Shangazi," nikasema, "timu ikishushwa hucheza huko chini, ikishinda inapanda. Wewe utapanda lini?"

Wanawake wakacheka. Bi Zuhura akaita kutoka mekoni, "Shoga, mkanye mwanao. Maswali yake yatanibabuzia wali wangu."

"Wali wangu," Shangazi akarudia polepole, kama anayeonja. Kisha akaniambia, "Menya, mwanangu. Leo sijafunga, nitakula nishibe."

Lakini punje aliyoishika aliimenya mpaka ikakaribia kwisha.

Hakurudi tena sufuriani. Mwiko wake mkubwa wa mvule, aliorithi kwa mama yake, ulibaki ukutani nyumbani kwake. Hakuna aliyethubutu kuuomba, na Bi Zuhura akawa anapakua kwa sahani. Hata hivyo kila palipokuwa na harusi, mtu alikuja kupiga hodi kumwita, kwa sababu kwetu mwanamke asiyeitwa jikoni huhesabiwa kuwa mgeni. Mimi niliona ni kumkejeli: anaitwa akamenye? Nilitaka akatae, angalau mara moja. Yeye alijifunga kanga akaenda.

Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, nilikitafuta kile kitenzi katika kamusi nene ya maktaba, nikitaraji kukuta mpira. Nikakuta Kilatini. Roma ya kale, aliyetendewa hivyo aliamriwa kukaa mbali na mji. Lakini, tofauti na waliopewa adhabu kubwa zaidi, mali yake haikuguswa, na uraia wake ulibaki. Nikaukumbuka mwiko ukutani, na ile hodi mlangoni kwa Shangazi.